Mto Zigi na Mita Sitini za Mkulima

Mkazi wa mji wa Tanga afunguapo bomba hupata maji yaliyoanza safari katika misitu ya Usambara ya Mashariki. Mto Zigi huyateremsha hadi bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, na kutoka hapo husafishwa na kupelekwa mjini.

Husemwa mara nyingi kwamba msitu huleta maji. Usemi huo wahitaji kusahihishwa kidogo, hasa madarasani. Miti nayo hunywa maji, na sehemu kubwa ya mvua hurudi hewani kwa njia ya majani yake. Kazi kuu ya msitu ni kuyachelewesha maji. Mvua ya Amani, ikaribiayo milimita 2,000 kwa mwaka, huangukia majani kwanza, kisha mboji iliyo laini kama sifongo, ndipo ipenye ardhini kupitia vitundu vilivyoachwa na mizizi na wadudu. Hutoka kwenye chemchemi polepole, hata wakati wa kiangazi. Mteremko ukiwa wazi, matone huupiga udongo, vitundu huzibika, na maji hutiririka juu juu yakichukua tope. Tope hilo hutua bwawani na kutwaa nafasi ya maji. Wanafunzi wa Muheza na Tanga waweza kulishuhudia jambo hili kwa chupa mbili: moja ijazwe maji ya Zigi wakati wa kiangazi, ya pili baada ya mvua kubwa ya masika, kisha ziachwe zitulie siku nzima.

Adui wa msitu huu si shoka peke yake. Iliki hupenda kivuli. Kwa hiyo mkulima huiacha miti mikubwa na kufyeka iliyo midogo chini yake. Kwa mbali msitu huonekana mzima, kumbe hauna watoto. Baada ya miaka kadhaa mavuno hupungua, na miti iliyobaki huangushwa kupisha migomba na mahindi. Hasara hiyo huwapata pia viumbe wa milimani humo, kama vile chura mdogo wa jamii ya *Nectophrynoides*, ambaye hatagi mayai majini bali huzaa vyura kamili.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997. Ili kuiunganisha na misitu ya kaskazini yake, ushoroba wa Derema nao ulifanywa hifadhi mwaka 2010, baada ya wakulima zaidi ya 1,000 kulipwa fidia na kuiacha iliki yao. Wengi walilalamika, wala si bila sababu: mche wa iliki ulikuwa mapato ya miaka mingi, na fedha ya fidia huliwa mara moja.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hukataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hesabu yake ni nyepesi. Ekari moja ya mraba ina upande wa mita 63 na kitu. Mwenye ekari hiyo kando ya mto hubakiwa na ukanda usiotimia mita 4. Wakulima wa bonde hilo wameunda umoja uitwao UWAMAKIZI, wahifadhi mazingira wa Kihuhwi na Zigi, nao hupanda miti kandokando ya mto na kutunza vyanzo. Ni watu wa mlimani. Maji wanayoyalinda hunywewa Tanga.