Tathmini ya urahisi wa kutumia programu shirikishi za papo hapo

Tathmini ya urahisi wa kutumia programu shirikishi za papo hapo ni uchunguzi wa kujua kama watu kadhaa wanaweza kufanya kazi kwa wakati mmoja kwenye waraka, jedwali au ramani ileile ya kidijitali bila kukwamishana wala kufutiana kazi.

Historia

Tarehe 9 Desemba 1968, huko San Francisco, Marekani, Douglas Engelbart alionyesha hadharani jinsi watu walio mbalimbali wanavyoweza kushughulikia maandishi yaleyale kwa kompyuta huku wakionana na kusikilizana. Mwaka 1989 Clarence Ellis na Simon Gibbs walieleza njia ya kupatanisha mabadiliko ya watumiaji wengi. Tangu mwaka 2006 Google Docs imezoesha watu wengi programu za aina hiyo.

Vipimo

Kiwango cha kimataifa ISO 9241-11 kinataja mambo matatu: kutimiza lengo, kutopoteza muda na nguvu, na kuridhika kwa mtumiaji. Hojaji ya John Brooke ya mwaka 1986 ina kauli 10 na hutoa alama kuanzia 0 hadi 100.

Kwa programu shirikishi vipimo hivyo havitoshi, kwa sababu mtu anayejaribiwa peke yake hawezi kugongana na mwenzake. Hivyo huchunguzwa pia kama kila mmoja anajua nani yupo, nani amebadilisha nini, na nini hutokea mtandao unapokatika.

Mfano wa Ngara na Biharamulo

Biharamulo na Ngara ni wilaya za Mkoa wa Kagera, Tanzania. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mlipuko wa virusi vya Marburg wilayani Biharamulo. Wagonjwa 2 walithibitishwa na wengine 8 walidhaniwa kuwa nao. Wote 10 walifariki. Watu 281 waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. Mlipuko ulitangazwa kuisha tarehe 13 Machi 2025.

Ufuatiliaji wa namna hiyo unaonyesha uzito wa tathmini. Tuseme orodha ya watu hao inatunzwa katika programu shirikishi. Mhudumu aliye kijijini anaandika joto la mtu wakati hakuna mtandao. Saa hiyohiyo ofisi ya wilaya inaandika kwamba mtu huyo hajaonekana. Mtandao ukirudi, taarifa ipi itabaki? Na mtu huyo akihamia Ngara, wahudumu wa huko wataona jina lake siku ileile?

Kwa hiyo jaribio linalofaa hukusanya watumiaji watatu au zaidi, wakiwa na simu za kawaida na maelezo ya Kiswahili. Mtandao hukatwa makusudi, kisha huhesabiwa taarifa zilizopotea na muda uliopita kabla ya kosa kugunduliwa. Programu iliyopata alama nzuri ofisini inaweza kushindwa jaribio hili, na jina moja likipotea kwenye orodha, mtu mmoja hafuatiliwi.