Maji Hupita Lodwar, Stima Ikaenda Lessos

Mto Turkwel unapofika kwenye daraja la Lodwar, maji yake yameshafanya kazi huko juu. Kwenye korongo lililo mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi hubanwa na bwawa, kisha hushuka kwa kishindo na kuzungusha mitambo yenye uwezo wa megawati 106. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1991. Maji yakaendelea na safari yake ya kwenda Ziwa Turkana. Stima ikapanda nyaya za kilovolti 220 ikaelekea kusini, hadi Lessos, ikachanganyika na ya taifa. Mji ulio kando ya mto ukaachiwa ngurumo za jenereta za dizeli.

Si kwamba Turkana ina upungufu wa nishati. Kila mita ya mraba hupata takriban kilowati-saa 6 za jua kwa siku. Upepo nao hubanwa kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya, ukaongeza kasi kama maji ya mpira uliofinywa mdomo. Ng'ambo ya ziwa, Kaunti ya Marsabit, kuna minara 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Shamba hilo limebeba jina la Ziwa Turkana, ila umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Ardhi yenyewe ilizua kesi: mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati miliki zake zilitolewa bila kufuata utaratibu.

Ukitaka kujua haki ya nishati imekaa wapi, angalia bei ya uniti moja.

Mteja wa Kenya Power mjini Lodwar hulipa bei ileile anayolipa mwenzake wa Nairobi, ambaye stima yake kwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa Olkaria. Dizeli inayosafirishwa kwa malori hadi Lodwar ni ghali mno, lakini gharama hiyo hutawanywa kwenye bili za wateja wote nchini, kila mmoja akibeba tone lake. Sasa panda gari uende kaskazini-magharibi, kilomita 120 hivi, hadi kambi ya wakimbizi ya Kakuma na makazi ya Kalobeyei. Huko kampuni binafsi kama Renewvia ya Marekani zimejenga mitambo midogo ya sola yenye nyaya na mita zake. Umeme ni safi, hauna moshi wala kelele. Lakini kampuni haina mteja wa Nairobi wa kumgawia mzigo: paneli, betri, nguzo na fundi vyote hulipwa na wateja wachache walio palepale, na uniti yao huwa ghali kuliko ya gridi. Kwa hiyo anayewasha taa kwa dizeli anapunguziwa, na anayewasha kwa jua anabebeshwa. Ni kinyume kabisa cha kile ambacho mikutano ya tabianchi huahidi.

Gharama ilishawahi kuangusha mradi hapa. Mapema miaka ya 1980 Norway ilifadhili kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol, kando ya ziwa. Samaki walikuwepo na mashine zilikuwepo. Umeme wa kuendesha majokofu na maji safi, katikati ya jangwa, vilikuwa na bei isiyobebeka, na kiwanda kikafungwa baada ya siku chache.

Jua lenyewe pia lina ukaidi wake. Paneli hupenda mwanga, haipendi joto: kila nyuzi moja inayozidi 25 huipunguzia karibu asilimia 0.4 ya nguvu. Mchana wa Lodwar, uso wa paneli ukifika nyuzi 60, zaidi ya sehemu moja ya kumi imeshapotea kabla hata hujataja vumbi. Betri za asidi ndizo huumia zaidi, kwani joto hufupisha maisha yake. Kenya Power iliongeza paneli za kilowati 60 kwenye kituo chake cha Lodwar; zinapunguza lita za dizeli, jenereta hazizimi.

Kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, haikungoja mtu. Wafanyabiashara wakimbizi walinunua jenereta, wakavuta nyaya juu ya mapaa ya mabati na kuuza stima kwa mwezi: taa bei yake, friji bei yake. Kinyozi akinyoa, dereva wa boda boda huacha simu ichajiwe pembeni. Baadaye Okapi Green Energy, kampuni iliyoanzishwa na mkimbizi kutoka Kongo, ikajenga mtambo wa sola humohumo kambini.

Jikoni, hata hivyo, sola bado haijaingia. Taa ya LED hula wati tano. Jiko la koili hula wati elfu moja, sawa na taa mia mbili. Majiko sitini yakiwashwa pamoja jioni, mtambo wa kilowati 60 umekwisha. Kwa hiyo maharagwe huiva kwa makaa, mengi yakiwa ya mti wa mathenge, ambao Waturkana huuita etirae. Wanawake wa Kiturkana huyaleta kambini kichwani, na mara nyingi hawalipwi fedha. Hubadilishana na wakimbizi kwa unga au maharagwe ya mgao wa chakula cha msaada. Mwaka 2025 mgao huo ulipopunguzwa, aliyebeba gunia na aliyelisubiri walibaki na kidogo cha kupimiana.