Sayansi Iko Pwani

Mimi ni bwana shamba. Siku moja hapa Malindi, Unguja, nilimwuliza mwanafunzi: "Kwa nini bahari hujaa?" Akajibu upesi: "Kwa mvuto wa mwezi na jua." Nikamwuliza tena: "Leo itajaa saa ngapi?" Hakujua. Baba yake ni mvuvi, naye anajua bila ya kutazama kitabu.

Walimu, fanyeni jaribio hili. Halina gharama.

1. Chagueni ukuta au mti karibu na ufukwe.
2. Kila asubuhi tafuteni mstari mpya wa majani yaliyoachwa na maji. Hapo ndipo bahari ilipofika.
3. Pimeni kwa kamba, toka ukutani hadi kwenye mstari.
4. Andikeni kipimo, na chora umbo la mwezi.
5. Endeleeni kwa siku 30.

Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, mwezi na jua huvuta pamoja. Siku moja au mbili baadaye maji hupanda sana na hupwa sana. Hili ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hupanda kidogo. Hayo ni maji mafu.

Wakulima wa mwani huko Paje hutegemea bamvua, maji yanapokauka. Kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Asiyejua saa hukuta shamba limefunikwa, akarudi bure.

Walimu, mwiteni mvuvi skuli. Watoto walinganishe maneno yake na vipimo vyao.