Ushuru wa Mlezi wa Watoto: Asilimia Tatu au Hesabu Kamili?

Soko la kulea watoto wa mchana halina mnada wala bei inayotangazwa redioni, lakini ni soko kama mengine. Katika mitaa ya Nairobi kama Mukuru, Kayole na Kawangware, mama anayefungua kibanda Gikomba alfajiri na kibarua anayewahi zamu kiwandani humwacha mtoto kwa mlezi na kulipa ada ya siku. Mlezi naye hununua unga, maziwa, mboga, makaa na sabuni kwa bei ya soko. Bei hizo zikipanda, hawezi kupandisha ada yake kwa haraka, maana mteja wake ni mtu wa kipato cha siku.

Biashara ya namna hiyo, yenye mauzo ya kuridhisha na faida nyembamba, ndiyo inayoumizwa zaidi na ushuru uliochaguliwa vibaya. Wiki hii tunatazama njia mbili ambazo sheria ya Kenya humpa mlezi aliyejiajiri, na namna ya kujua ipi inamfaa. Hesabu hii itamfaa pia mwenye hoteli ndogo, kinyozi, fundi wa nguo, na hata mwekezaji anayefikiria kutia fedha zake katika kituo cha watoto.

NJIA YA KWANZA: USHURU WA MAUZO GHAFI

Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliweka ushuru wa mauzo ghafi kuwa asilimia 3 kuanzia tarehe 1 Julai 2023, kutoka asilimia 1 iliyokuwapo tangu 2020. Unamhusu mfanyabiashara ambaye mauzo yake ya mwaka yanazidi Sh1,000,000 lakini hayapiti Sh25,000,000. Hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita, na taarifa yake huwasilishwa kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kupitia iTax.

Ubora wake ni wepesi. Mlezi hujumlisha ada zote alizopokea mwezini, akatoa asilimia 3, yakaisha. Ubaya wake ni kwamba hauulizi matumizi. Kodi ya nyumba, mishahara ya yaya, uji na maharagwe havipunguzi hata senti moja. Mwezi wa hasara unatozwa sawasawa na mwezi wa faida.

Anayechelewesha taarifa hutozwa faini ya Sh1,000 kwa mwezi. Anayechelewesha malipo huongezewa asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, pamoja na riba ya asilimia 1 kila mwezi.

NJIA YA PILI: USHURU WA FAIDA

Mfanyabiashara asiyetaka ushuru wa mauzo ghafi anaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa Ushuru kwamba amechagua kutokuwa chini yake. Akifanya hivyo, atatozwa ushuru wa mapato wa kila mwaka, yaani ushuru juu ya faida baada ya matumizi kuondolewa.

Viwango kwa mtu binafsi ni hivi: Sh288,000 za kwanza kwa mwaka hutozwa asilimia 10, Sh100,000 zinazofuata asilimia 25, na zinazozidi hapo, hadi Sh6,000,000, asilimia 30. Kila mkazi hupata nafuu ya Sh28,800 kwa mwaka. Nafuu hiyo ni sawa kabisa na asilimia 10 ya Sh288,000, kwa hiyo mlezi ambaye faida yake haizidi Sh24,000 kwa mwezi, na hana mapato mengine, hadaiwi kitu.

Mwenye mauzo yasiyozidi Sh1,000,000 hamo katika ushuru wa mauzo ghafi. Yeye yumo katika njia hii ya pili moja kwa moja, na anapaswa kuwasilisha taarifa yake kabla ya tarehe 30 Juni hata kama hana cha kulipa. Akichelewa, faini ni Sh2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa.

TUPIGE HESABU

Tuchukue mfano wa kituo chenye watoto 30 wanaolipiwa Sh200 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Mauzo ni Sh156,000 kwa mwezi, au Sh1,872,000 kwa mwaka.

Matumizi ya mwezi tuyaweke hivi: kodi ya nyumba Sh25,000, yaya wawili pamoja na michango ya mwajiri Sh36,000, chakula Sh36,000, makaa na gesi Sh6,000, maji na umeme Sh5,000, sabuni na dawa za usafi Sh4,000, kibali cha kaunti, matengenezo na mengineyo Sh4,000. Jumla ni Sh116,000. Faida ni Sh40,000 kwa mwezi, au Sh480,000 kwa mwaka.

Kwa njia ya kwanza, mlezi atalipa Sh4,680 kila mwezi, sawa na Sh56,160 kwa mwaka. Kwa njia ya pili, baada ya nafuu, atalipa Sh52,600. Njia hizo zinakaribia kulingana, na mtu anaweza kuchagua ile yenye usumbufu mdogo.

Lakini faida ikishuka, mambo hubadilika. Tuseme bei ya unga na maziwa imepanda na faida imebaki Sh30,000 kwa mwezi. Ushuru wa mauzo ghafi haubadiliki, ni Sh56,160. Ushuru wa faida unashuka hadi Sh18,000. Tofauti ya Sh38,160 inapita gharama ya chakula cha mwezi mzima cha watoto wote 30.

Faida ikipanda hadi Sh60,000 kwa mwezi, mambo yanageuka. Ushuru wa faida unafika Sh124,600, na asilimia 3 inakuwa nafuu kubwa. Kwa kituo chenye mauzo haya, mpaka uko karibu na faida ya Sh41,000 kwa mwezi, yaani kiasi cha asilimia 26 ya mauzo. Chini ya hapo, ushuru wa faida ni nafuu. Juu ya hapo, ushuru wa mauzo ghafi ndio nafuu. Kituo chenye mauzo mengine kitakuwa na mpaka wake, ila njia ya kuutafuta ni ile ile.

RISITI NDIYO MTAJI

Hesabu hiyo yote ina sharti moja: matumizi yawe na ushahidi. Tangu tarehe 1 Januari 2024, matumizi yasiyo na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS hayakubaliwi kupunguza ushuru, isipokuwa machache yaliyotajwa na sheria, mishahara ikiwa mojawapo.

Turudi kwa mlezi wetu mwenye faida ya Sh40,000. Tuseme amechagua ushuru wa faida, lakini chakula chote amekinunua bila ankara. Sh432,000 za chakula zitahesabiwa kana kwamba ni faida yake. Ushuru wake utaruka kutoka Sh52,600 hadi Sh182,200. Kukosa karatasi tu kumemgharimu Sh129,600, fedha ambazo hakuwahi kuzitia mfukoni. Mlezi wa namna hiyo ni heri angebaki katika asilimia 3.

Sukuma wiki na nyanya hununuliwa kwa mama mboga asiye na mashine wala kompyuta. Kwa hali kama hiyo, marekebisho ya sheria ya Desemba 2024 yanasema kuwa muuzaji akiwa na mauzo yasiyozidi Sh5,000,000 kwa mwaka, mnunuzi ndiye atoe ankara kwa niaba yake. Mweleze muuzaji jambo hilo mapema, kwa kuwa nambari yake ya PIN itahitajika. Vilevile ni nafuu kununua unga, mchele, mafuta na sabuni kwa wingi kutoka duka moja la jumla linalotoa ankara kuliko kuokoteza reja reja kila asubuhi.

YANAYOKUBALIWA NA YASIYOKUBALIWA

Sheria hukubali matumizi yaliyofanywa kwa ajili ya kuzalisha mapato peke yake. Chakula cha watoto wa wateja kinakubaliwa. Sahani ya mtoto wako mwenyewe haikubaliwi. Fedha ambazo mwenye kituo hujilipa si mshahara bali ni faida yake, na haziondolewi. Mishahara ya yaya inaondolewa, ilmradi kuna orodha ya malipo na makato ya lazima yamepelekwa.

Anayelelea watoto nyumbani anakoishi asidai kodi yote ya nyumba. Agawanye kwa haki: akitumia chumba kimoja kati ya vitatu kwa kazi, adai theluthi moja, tena kwa muda wa kazi tu. Maji na umeme vivyo hivyo. Mgawanyo huo auandike na aufuate mwaka mzima.

Vitanda, meza na makabati hayaondolewi yote kwa mwaka mmoja. Fanicha hupunguzwa asilimia 10 kila mwaka kwa mafungu sawa. Aliyenunua vitanda vya Sh60,000 ataondoa Sh6,000 mwaka wa kwanza, Sh6,000 mwaka wa pili, na kuendelea.

FEDHA TASLIMU NA KALENDA

Mlezi mwenye ushuru wa faida unaozidi Sh40,000 kwa mwaka hangoji Juni. Hulipa kwa awamu nne, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba, na salio kabla ya Aprili ya mwaka unaofuata kwisha. Awamu za Aprili na Desemba huangukia likizo za shule, wakati ambapo dada na kaka wakubwa huwa nyumbani na baadhi ya wazazi humwondoa mtoto kituoni. Busara ni kutenga fedha za ushuru kila Ijumaa ada zinapoingia, badala ya kuzitafuta mwezi wa ukame.

Aidha, ada zipokelewe kwa nambari ya simu ya biashara iliyo mbali na ile ya matumizi ya nyumbani. Ada zikichanganyika na fedha za chama au za ndugu aliyetuma kutoka mbali, mwenye kituo ndiye atakayehangaika kueleza kipi ni mauzo na kipi si mauzo. Kumbukumbu zote zitunzwe miaka mitano.

NENO KWA MWEKEZAJI

Anayeombwa kukopesha au kuingia ubia katika kituo cha watoto asitosheke na kuhesabu vichwa vya watoto. Aulize vitu vitatu: kibali cha kaunti, taarifa za ushuru za miezi 12, na ankara za chakula. Nairobi ina sheria yake ya vituo vya kulelea watoto tangu 2017, na kituo kisicho na kibali kinaweza kufungwa mtaji wako ukiwa ndani.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla mlezi hajamwandikia Kamishna, afanye jaribio la miezi mitatu: aandike kila ada na kila ununuzi, na atenganishe vyenye ankara na visivyo nayo. Atoe vyenye ushahidi peke yake kutoka katika mauzo, kisha apige hesabu zote mbili. Ushuru wa faida ukiwa mdogo kwa matumizi yenye ushahidi tu, aandike barua yake. Usipokuwa mdogo, aendelee kulipa asilimia 3 huku akikusanya ankara.