Mashini ya koperative: tutie Windows gani?

Ukienda Kadutu kununua ordinateri iliyokwisha kutumika Ulaya, muuzaji anakuuliza: "Tukutilie Windows gani?" Wengi wanajibu: "Ile ya mupya!" Jibu hilo linaweza kukulisha makuta bure.

Windows 10 ilitoka 2015. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft haiitumii tena viraka vya usalama, isipokuwa kwa wenye kujiandikisha kwa muda wa ziada. Mashini haizimiki, inaandika na kuhesabu kama jana. Ila kila tundu ambalo wezi wanagundua linabaki wazi.

Windows 11 nayo inachagua. Inataka RAM ya giga 4, nafasi ya giga 64, na kidude cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mashini nyingi zilizotengenezwa mbele ya 2018 inazikataa. Kuko mafundi wanaojua kuilazimisha iingie, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuitunza. Na kwa giga 4, kusema kweli, utangoja sana.

Mu koperative, ordinateri inashika nini? Namba za etiketi za magunia, kilo za kila mtu, madeni ya ku machimbo. Mu mwezi wa tano 2017 virusi WannaCry ilifunga mafaili ya watu duniani, ikidai dola 300. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Kiraka kilikuwa kimekwisha kutoka miezi miwili mbele; mashini zilizopatwa hazikukitia. Sasa mchimbaji akisema alileta kilo makumi mbili, na faili imefungwa, nani atamuonyesha kilo zake?

Iko njia ingine: Linux Mint. Ni ya bure, inasema Kifaransa, giga 2 za RAM zinaitosha hata kama 4 ni bora, na LibreOffice yake inafungua mafaili ya Excel. Unaijaribu juu ya klé USB bila kufuta Windows. Ubaya wake: programu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake inaweza kuikataa, na si kila fundi anaijua.

Kama mashini ni ya zamani na kazi yake ni Excel tu, mimi ningetia Mint. Kama iko na programu ya hesabu mliyoilipia, tafuteni mashini inayokubali Windows 11.

Lakini mbele fundi hajagusa kitu, kopieni mafaili juu ya klé mbili. Moja ibaki kwa prezida, ingine kwa sekretere. Na muifungue kwanza ku mashini ingine, muone kama kilo zote ziko mle.