Taka na Ufujaji: Neno Moja la Sheria, Maana Mbili

Neno la Kiingereza "waste" huwatatiza wafasiri wa sheria, kwa kuwa lina maana mbili, ilhali "taka" hutosheleza moja tu.

Katika sheria ya mazingira neno hili hutaja kitu. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya Kenya, ya 1999, ilihesabu kuwa taka kitu chochote, kiwe kigumu, majimaji au gesi, kinachomwagwa au kuachwa katika mazingira kwa kiasi au kwa namna inayoelekea kuyabadilisha. Hapa hatuna ugomvi.

Katika sheria ya milki, neno lilo hilo hutaja tendo. Liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha Wanormani, na asili yake ya Kilatini ni kufanya mahali kuwa ukiwa. Mtu anayeshika ardhi kwa muda, kama vile mpangaji, akiiharibu hata kumpunja atakayeipokea baada yake, ametenda kosa hilo. Sheria ya Gloucester ya 1278 ilimnyang'anya mahali alipopaharibu na kumtoza fidia mara tatu. Kisa mashuhuri ni cha Lord Barnard. Alikuwa amemwandikia mwanawe ngome ya Raby, yeye mwenyewe akibaki nayo maisha yake. Kisha akamchukia mwana, akaajiri vibarua kung'oa risasi, vyuma, vioo na milango. Hati ilimwondolea lawama ya kuharibu, lakini mwaka 1716 mahakama ilimzuia na kumwamuru aitengeneze. Je, tuseme Lord Barnard "alitenda taka"?

Napendekeza "ufujaji". "Uharibifu" ni pana mno, maana hata mpita njia huharibu. Anayefuja ana mali mkononi mwake. "Ubadhirifu" nao umekwisha kuelemea fedha za umma. Mpangaji mwenye wajibu wa kukarabati, akiliacha paa livuje hadi boriti zioze, yafaa aitwe mfujaji kwa kuacha.

Ugumu umo kwingine. Katika kesi ya Doherty na Allman ya 1878, mpangaji alitaka kugeuza maghala yawe nyumba za kukaa. Bunge la Malordi lilikataa kumzuia, kwa kuwa thamani ingepanda. Hata hivyo Kiingereza cha sheria huita tendo hilo "waste" pia. Kiswahili hakikubali kwamba mtu amefuja nyumba kwa kuiboresha. Hapo ningetumia "ugeuzaji wa milki", ijapokuwa neno moja la Kiingereza litakuwa limegawanyika mara tatu.