Waziri wa Rwanda Awekewa Vikwazo

Malori yapitayo Webuye na Kanduyi kwenda Malaba huchukua shehena za Uganda, Rwanda na Kongo. Basi vita vya Goma si jambo la mbali kwa watu wa Bungoma. Waasi wa M23 waliuteka mji huo Januari, 2025, na Bukavu mwezi uliofuata. Tarehe 20 Februari Serikali ya Marekani ilimwekea vikwazo Bwana James Kabarebe, Waziri wa Nchi wa Rwanda, ikimshutumu kuwasaidia waasi na kusimamia mapato ya madini. Mali yake yoyote iliyoko Marekani ilizuiliwa. Rwanda ilisema vikwazo hivyo si vya haki. Adhabu hii ina uzuri wake: humpata mkubwa aliyeshutumiwa, haimfungii mchuuzi njia. Lakini asiye na akiba huko haumii sana. Mwezi Machi waasi waliingia Walikale.